Maji ya Mgeni

Wanangu mnaoanza kazi ya maji, kabla sijawaambia lolote, nawaomba lebo zenu mziandike kwa penseli. Si kalamu ya wino, wala hiyo kalamu nene ya makapeni mnayotamba nayo. Mimi nilijifunza hilo mwaka wangu wa kwanza kazini, niliporudi maabara kutoka Nyegezi na kisanduku chenye chupa kumi na nane za sampuli, barafu imeyeyuka, wino umetiririka, na hakuna chupa inayojulikana ni ya kisima gani. Mzee Masanja, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, alizitazama, akazimwaga moja moja kwenye sinki, kisha akanikabidhi chupa kumi na nane nyingine. Kesho yake nilirudi Nyegezi nikaanza upya.

Mimi ni Tabitha. Ni Mjita, nimezaliwa ufukweni upande wa Musoma na nimezeekea Kiseke. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya watu na kuyapima: ya bomba, ya visima, ya ziwa, ya matenki ya shule, na mara moja ya kisima cha kubatizia, kwa sababu waumini walikuwa wanatoka mle na vipele. Nilistaafu mwaka juzi. Nimeombwa niwaandikie niliyojifunza, na nimeona niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye vitabu vyenu. Kati ya hayo limo kosa moja langu ambalo aliyeumia kwa ajili yake alikuwa mtoto wa watu.

Nianze na mepesi. Ukienda kutafuta vijidudu, fungua bomba, acha maji yatiririke kwanza, na chupa usiisuuze, maana imeshatakaswa. Usiongee huku umeishika chupa wazi. Mate yako yana mambo mengi kuliko unavyodhani. Lakini ukienda kutafuta metali, kama risasi, mambo yanageuka. Hapo usiyaache maji yatiririke hata kidogo. Unataka yale ya kwanza kabisa, yaliyolala ndani ya bomba au ndani ya chombo usiku kucha, kwa sababu ndiyo yaliyokaa na ubaya muda mrefu. Halafu unaweka matone ya asidi ili metali isijibandike kwenye kuta za chupa ikakudanganya. Na barafu ya sampuli si ya kupozea soda. Hilo nalisema kwa sababu ya dereva wetu mmoja ambaye hadi anahama kazi alikuwa haamini kwamba tulikasirika kweli.

Enzi zetu vingi tulivipima kwa macho. Unadondosha dawa, maji yanageuka rangi, unalinganisha na kadi. Tulikuwa na mwenzetu aliyefanya kazi hiyo miaka sita ndipo ikagundulika kwamba hatofautishi kijani na nyekundu. Tulipomuuliza alikuwa anajazaje fomu zote zile, alisema alikuwa anasikiliza mimi nasema nini. Leo mna mashine inayosoma risasi kidogo sana ambayo sisi tusingeiota. Naifurahia. Ila mashine inasoma ulichoiletea tu, haijui ulikokichota.

Sasa nimrudie Mzee Masanja, kwa sababu bila yeye kisa changu hakieleweki. Alikuwa Msukuma wa Magu, mrefu, mpole, na mzito wa kuondoka kwenye mji wa mtu. Tulikuwa tukifika kaya fulani kuchota maji, mimi namaliza kwa dakika kumi, chupa zimefungwa, lebo zimebandikwa, yeye ndiyo kwanza anavuta kigoda. Salamu peke yake zilikuwa zinachukua muda wa chai. "Mwangaluka," halafu habari za ng'ombe, za mvua, za shangazi aliyehamia Sengerema. Akiona mama wa pale anapukuchua mahindi, naye anapukuchua. Akiona maharage, anachambua maharage. Dereva huko nje anapiga honi.

Siku moja nilimwambia, "Mzee, sisi tumetumwa maji, hatukutumwa maharage."

Akanijibu bila kunyanyua kichwa, "Tabitha, mtu akishakuita mgeni, huoni kitu. Kaa mpaka wakusahau."

Nilicheka. Nilimsimulia hata mume wangu, tukacheka wote. Nilimwona ni mzee anayependa kukaa kivulini kwa mshahara wa serikali. Alipostaafu nikachukua nafasi yake, na jambo la kwanza nililojivunia ni kwamba kaya nne za kwake mimi nilizifanya kumi na mbili kwa siku.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu, ililetwa barua ya daktari. Kulikuwa na mtoto wa miaka saba huko Buhongwa, anaitwa Doto, ambaye tumbo lilikuwa linamsokota mara kwa mara, amepauka, halafu darasani ameanza kusahau hata alichokijua mwaka uliopita. Walishampima malaria, minyoo na taifodi mpaka wamechoka. Mwishowe daktari mmoja alimpima damu akakuta risasi. Alitaka tujue kama inatoka kwenye maji.

Mama yake ni Mama Kulwa. Mnajua kwetu huku mapacha ni Kulwa na Doto, aliyetangulia na aliyefuata. Kulwa alikuwa analelewa na bibi yake Misungwi tangu wana miaka mitatu, na alikuwa mzima wa afya. Walipokutana likizo, mtu asingejua kwamba wamezaliwa siku moja. Kulwa alikuwa amempita mwenzake kichwa kizima, na majirani walikuwa na maneno yao kuhusu jambo hilo, maneno ambayo mama yao aliyasikia yote.

Nilimpigia simu kumtaarifu kwamba nitakuja Alhamisi asubuhi, kama taratibu zinavyosema. Nilipofika alinipokea vizuri sana. "Shikamoo mama, karibu ndani." Nilichota kwanza kwenye kisima cha pampu ambacho mtaa mzima ulikitegemea, maana bomba lilikuwa halijapanda mlima ule. Kisha nikamwambia, "Nipe na maji mnayokunywa hapa nyumbani."

Akaniingiza sebuleni. Kwenye kona kulikuwa na mtungi wa udongo umefunikwa kitambaa cha kufuma. Akachota kwa kata safi, akanijazia chupa. Nikashukuru, nikaondoka. Nilitumia dakika kumi na tano, nikajipongeza.

Majibu yalitoka safi, ya kisima na ya mtungi. Nikaandika barua kwa mkono wangu mwenyewe, nikasaini: maji ya kisima na ya nyumbani hayana risasi, ni salama kwa kunywa.

Hapa naomba msome taratibu. Wakati wakisubiri majibu yangu, daktari alikuwa amemwambia Mama Kulwa amnyweshe Doto maji ya chupa ya dukani peke yake. Ilikuwa mzigo kwake, lakini alifanya hivyo, na mtoto alianza kuchangamka. Alianza hata kuruka kamba. Barua yangu ilipofika, mama yake aliisoma akashukuru Mungu, akaacha kununua maji ya chupa. Doto akarudi kunywa maji ya nyumbani, kwa sababu mimi nilisema ni salama.

Baada ya miezi minne daktari aliandika tena. Risasi kwenye damu ya mtoto ilikuwa imepanda kupita mwanzo.

Nilirudi. Nilipiga simu kama kawaida, nikachota kisimani, nikachota mtungini, majibu yakawa safi tena. Mtaani watu walikuwa wameshapata mkosaji wao. Jirani na kisima kulikuwa na kijana anayefufua betri za magari, na kila mtu anajua betri zina risasi. Walikuwa wanapanga kumfukuza. Niliwaonyesha kwamba kisima ni safi, wakaniambia maji huwa yanajua kwamba mpimaji anakuja. Niliwaona washamba. Kumbe walikuwa wamekaribia ukweli kuliko mimi.

Safari ya tatu sikupiga simu. Wala siwezi kusema niliamua kitu cha busara. Nilikuwa nimeshindwa tu, na fundi akishindwa huenda kukitazama kitu tena. Nilipanda mlimani kwa miguu saa nne asubuhi nikamkuta Mama Kulwa nyuma ya nyumba, kilima cha viazi vitamu mbele yake, anamenya na kukata vya kutengenezea michembe. Vilivyokatwa alikuwa ameshavianika juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, limekuwa jeupe lote.

Alishtuka kuniona. Akataka kunyanyuka anipeleke sebuleni. Nikamwambia akae, nikavua viatu, nikaomba kisu.

"Mama, acha, utajichafua na utomvu."

"Nipe kisu, Mama Kulwa."

"Wajita mnajua viazi? Si mnajua samaki tu?"

"Nipe kisu nikuonyeshe samaki."

Akacheka, akanipa. Nikamenya vibaya, akavirudia alivyoona vinene, tukaendelea. Tulizungumza habari za mume wake, aliyekuwa kibarua kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu na sasa yuko Geita anatafuta kazi nyingine. Tulizungumza habari za Kulwa. Aliniambia kwamba akimwona Kulwa anafurahi, halafu analia, na hajui ni kipi kinaanza. Mimi nilikuwa na la kusema lakini nikaendelea kumenya. Sijui tulikaa muda gani. Nadhani ni saa nzima na zaidi, maana jua lilihama likatufuata.

Ndipo Doto akatoka ndani. Hakunisalimia, alishanisalimia nilipofika na sasa nilikuwa mtu wa pale tu, kama mashangazi wengine. Akapita pembeni yetu mpaka upenuni mwa jiko, ambapo kulikuwa na pipa la plastiki la bluu lenye mfuniko. Akafunua, akachukua kikombe cha plastiki kilichokuwa kinaelea, akachota, akanywa chote, akachota tena.

Nikaweka kisu chini.

"Doto, hayo unayokunywa ni ya wapi?"

"Ya hapa."

Nikamgeukia mama yake. "Mama Kulwa, maji ya pipa hili mnayanywa?"

"Ndiyo. Tunachota kisimani jioni, tunajaza humu."

"Mbona mimi hujawahi kunipa haya? Nilikuuliza mnakunywa maji gani."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. Alijibu kwa upole, akinionea hata aibu kidogo kwamba mtu mzima sijui jambo dogo namna hii. "Mama, mgeni hapewi maji ya pipa. Hayo ni yetu tu."

Wanangu, nilikuwa nimekaa kazini miaka mingi kuliko umri wa yule mama. Kila nilipopiga simu kusema nakuja, aliamka alfajiri, akachota maji mapya kisimani, akayachemsha, akayachuja, akayamimina kwenye mtungi wa wageni. Nilipoomba maji wanayokunywa, yeye alisikia mgeni anaomba maji, akanipa mazuri kuliko yote aliyonayo. Mara mbili nilibeba heshima yake kwenye barafu mpaka maabara, nikaipima, nikaikuta safi. Na juu yake nikaweka saini.

Nilijaza chupa zangu kwa kikombe kilekile cha Doto, nikamkataza Mama Kulwa kulitumia pipa lile, kisha nikalimwaga mpaka nikaona chini. Kwenye mfereji wa duara pale chini kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, ambao Mama Kulwa alijua ni chumvichumvi ya maji ya kisima. Pipa lilitoka kwenye mtambo ule wa dhahabu. Mume wake alipewa siku alipomaliza kibarua, likiwa kama zawadi ya kumuaga, na alilisugua kwa mchanga na sabuni ya unga siku mbili ndipo akaliingiza nyumbani kwake. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba lilibeba dawa nyeupe yenye risasi ndani yake, wala yeye asingeweza kujua, kwa sababu risasi haina harufu, haina rangi na haina ladha. Dawa ikishakutana na maji ya kisima inaganda kwenye plastiki, halafu inajiachia kidogo kidogo, kila jioni maji mapya, kila asubuhi mtoto anachota. Kuchemsha hakuiondoi. Kulala ndani ya pipa ndiko kunakoizidisha.

Niliposoma namba kwenye mashine nilidhani imeharibika, nikarudia mara tatu.

Ilibidi kuandika barua nyingine. Mkubwa wangu wa wakati ule, kijana mzuri asiyependa makuu, alinishauri niandike kwamba sampuli za ziada zimeonyesha hali tofauti. Ni maneno mazuri, hayana mtu ndani yake. Nilikaa nayo mezani mchana mzima nikashindwa. Mwishowe niliandika hivi: barua ya kwanza ilikosea, maji yaliyopimwa hayakuwa maji anayokunywa mtoto, na aliyekosea ni mimi. Nikasaini mahali palepale nilipokuwa nimesaini mwanzo. Sikuituma, niliipeleka mwenyewe.

Mama Kulwa aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja.

"Kwa hiyo ile miezi minne," alisema, "ningeendelea na maji ya chupa tu."

"Ndiyo."

"Angekuwa amepona."

"Angekuwa na nafuu kuliko sasa."

Hakulia, wala hakunitukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Alitazama lile pipa. Kisha akauliza, "Nimpe nani pipa hili?"

"Asipewe mtu yeyote. Ukilitoa hapa litaingia kwa mtoto mwingine."

Akaingia jikoni akatoka na shoka. Nilidhani atalikata yeye. Akaninyooshea mpini.

"Anza wewe," akasema.

Nilianza. Plastiki ile ni ngumu, wanangu, na mimi nilikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu niliyevaa sketi ya ofisini. Nililipiga mpaka likapasuka, naye akapokea shoka akamalizia. Vipande tulivibeba wenyewe na gari la ofisi, pamoja na mapipa mengine matatu tuliyoyapata mtaani, kwa sababu vibarua wenzake na mume wake nao walikuwa wamezawadiwa. Yule kijana wa betri hakuna aliyemwomba radhi. Nilimpelekea nakala ya majibu ya kisima, akaibandika ukutani kwenye kibanda chake.

Kwa hiyo, fundi mpya, ukifika kwenye mji wa mtu, usiombe maji. Kaa. Menya kinachomenywa. Tazama mtoto akipata kiu anakwenda wapi, na hapo ndipo uende na chupa yako, uchote kwa chombo kilekile anachochotea yeye. Na pipa lililobeba dawa za viwandani au za migodini halioshwi likawa la maji, hata likisuguliwa mwaka mzima. Waambie watu hivyo kwa sauti ya kawaida, usiwatishe, na usiwacheke.

Doto alitibiwa. Risasi ilishuka pole pole na maumivu ya tumbo yakaisha. Lakini daktari alituambia wazi kwamba kati ya vile ambavyo risasi imechukua kwenye kichwa cha mtoto mdogo, vingine havirudi. Kulwa mwaka huu yuko kidato cha kwanza. Doto yuko darasa la tano. Katika hiyo miaka, ipo sehemu ambayo ni ya pipa, na ipo sehemu ambayo ni yangu. Nimejaribu kuigawanya nikashindwa, basi naibeba yote.

Juzi nilikwenda kuwatembelea. Nilikuwa na kiu, na ni lazima niwaambie kwamba kwa miaka yote ya kazi sikuwahi kunywa maji kwenye nyumba ya mtu. Nilikuwa natembea na chupa yangu kwenye mkoba. Mama Kulwa aliniambia nikae, akamwita Doto aniletee maji.

Nikageuka kutazama kona ya sebule. Mtungi na kitambaa chake havikuwepo. Pale palikuwa na ndoo nyeupe yenye bomba na mfuniko, na kwenye ubavu wake karatasi imebandikwa kwa gundi. Nilisogea niisome. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli. Juu kulikuwa na tarehe, chini yake saa ya kuchota, kama Doto alivyoniona mimi nikifanya, na chini kabisa maneno mawili, herufi kubwa zilizopinda, kila moja imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena: YA WOTE.

Doto alinijazia kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akapiga goti kunipa.

"Hutayapima kwanza?" akaniuliza.

"Wewe umeyanywa?"

"Nimeyanywa."

Nikayanywa yote, nikamrudishia kikombe, nikamwomba aniongeze.